Kanda ya Sita na Salamu za Waheshimiwa

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa sijaomba kibali cha kuitaja, hakuna mtu anayeanza kusema hadharani kabla ya kusalimu. Ni adabu yetu na tunaionea fahari. Msemaji akisimama, awe waziri au muuza karanga, kwanza anamtambua Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, kisha walio chini yake mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na akishamaliza ndipo aseme lake. Majina yako mia mbili na kumi na manne. Orodha imebandikwa kwenye kila ofisi, na anayeikatiza anashtakiwa. Wakurugenzi na walio juu yao wanaruhusiwa kufupisha kwa kusema tu "itifaki imezingatiwa". Sisi wengine hatujafikia hapo.

Sheria inasema hadhara ni watu kumi, au chombo chochote cha Serikali, ikiwemo simu. Jirani yangu jiko lake liliposhika moto alipiga simu zimamoto, akasalimu vizuri bila kuruka jina. Alipofika kwenye neno "moto" hapakuwa tena na cha kuzima. Zimamoto walimwandikia barua ya kumpongeza kwa utaratibu wake, na ameitundika pale ulipokuwa ukuta.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nalalamika. Silalamiki. Nasimulia tu yaliyompata mwanangu.

*

Binti yangu anaitwa Sikudhani, ana miaka kumi na mmoja. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne, ikaniachia vingine vyote: kicheko, ubishi, na masikio yanayomsikia mtu akifungua kopo la sukari nyumba ya pili.

Mwaka huu alikuwa na mtihani wa darasa la tano, unaoitwa Mtihani wa Kupambanua. Anayefaulu anaendelea na shule. Asiyefaulu, kama haoni, Serikali kwa huruma yake inampeleka Kituo cha Taifa cha Mikeka, mwisho wa reli, akasuke mpaka awe mtu mzima. Mzazi anaruhusiwa kumtembelea mara moja kwa mwaka, Siku ya Mikeka, akinunua mkeka.

Hisabati aliijua. Historia aliijua mpaka nikamwonea huruma. Kilichobaki ni Sayansi, na Sayansi yenyewe kilichobaki ni kanda moja. Kitabu cha Sayansi kilikuwa kimesomwa na kurekodiwa kwenye kanda sita za kaseti. Tano alikuwa amezimeza. Ya sita, inayohusu moyo na damu, ilikuwa imeazimwa na mwenzake wa upande wa pili wa mji, ikarudi wiki ile ile maktaba ilipofungwa ili iboreshwe. Kitabu cha karatasi hakikuwepo tena popote; nakala ya mwisho iliyojulikana ililiwa na mchwa. Mwalimu wao wa Sayansi alikuwa amehamishiwa kwenye mbio za magunia za wilaya.

Mtihani ulikuwa Jumatatu.

*

Maktaba ya Sauti ilikuwa chumba kimoja nyuma ya Wizara ya Usomaji, Usikilizaji na Mengineyo. Ilikuwa na rafu tano, kanda elfu moja mia moja na arobaini, na Mzee Lihinda. Mzee Lihinda ndiye aliyekuwa mtunza maktaba, fundi wa redio kaseti, na sauti. Wasomaji walioajiriwa zamani walihamishwa mmoja mmoja kwenda kusoma hotuba, akabaki peke yake akasoma kila kitu. Alisomea mle mle chumbani, mlango wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo vitabu vyetu vina jogoo. Katika Jiografia, katikati ya maziwa na mito, mvua inaanza kupiga bati, na Mzee anasema, "Wanangu, hapa hatusikilizani, tutaendelea kesho." Kimya kidogo, halafu ni kesho, na mafua yamempata.

Sikudhani alikijua kila kikohozi. Kuna kimoja kwenye Hisabati anachosema huwa kinatangulia jibu.

Basi Serikali ikapata habari kwamba dunia imeachana na kanda, na ilipopata habari haikulala. Iliunda kamati ya watu thelathini, ikazuru nchi saba zenye maktaba na moja yenye ufukwe, ikarudi na kisomeshi. Kisomeshi ni kidude cha buluu, ukubwa wake kipande cha sabuni, na ndani yake, tuliambiwa, mnaingia vitabu vyote vya nchi na nafasi inabaki. Akateuliwa Mkurugenzi wa Kuhama Kutoka Kwenye Kanda, Mheshimiwa Makorongo, mtu mwenye sauti nzito na viatu vinavyolia.

Ili kuwazuia wanaoona wasijifanye hawaoni, kila aliyetaka kisomeshi alitakiwa afike mwenyewe, asome fomu ya kurasa nne kwa sauti mbele ya afisa, kisha atie sahihi pale atakapouona mstari.

Tulipanga foleni kuanzia alfajiri. Zamu yetu ilipofika nikaanza kusoma mimi. Nasoma pole pole, maana nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, lakini nasoma.

"Mama, wewe ndiye usiyeona?" afisa akaniuliza.

"Hapana, ni mtoto."

"Basi mwache mtoto asome."

Sikudhani akageuza uso kule iliko sauti. "Shikamoo, Afisa. Wewe umeshaisoma?"

"Sijafikia huko, binti. Mimi ni wa muhuri."

Nchi nzima walifaulu kuisoma ile fomu watu kumi na wawili, wote wenye macho mazuri sana, na wote wakapewa visomeshi. Magazeti yakaandika kwamba zoezi limefanikiwa.

*

Vitabu vilisomwa upya, studio ya Wizara, ukuta mmoja na maktaba. Cha kwanza kilipokamilika Mkurugenzi Makorongo akakisikiliza. Kikaanza: "Sura ya Kwanza. Mimea." Inasemekana alisimama palepale akaamuru kizimwe. Aliwaambia mafundi wake kwamba kitabu cha karatasi kimenyamaza, kwa hiyo hakidaiwi kitu, lakini hiki kimepewa sauti na Serikali, kinazungumza kupitia chombo cha Serikali, na mzungumzaji anayeparamia mimea bila kumtambua mtu yeyote si kitabu bali ni mhuni.

Ikaagizwa kila sura ianze na salamu. Salamu zetu, zikisomwa kwa heshima inayostahili, zinachukua dakika arobaini na saba. Sayansi ya darasa la tano ina sura thelathini na moja. Kabla mimea haijaota kisomeshi kikawa kimejaa. Mafundi wakaleta hoja mbili mezani: kupunguza salamu, au kupunguza sayansi. Hoja ya kwanza haikupata wa kuiunga mkono.

Haya yote alinieleza Mzee Lihinda, aliyeyasikia kupitia ukutani. Nilimfuata Jumanne na Sikudhani. Nilimkuta amekaa nje ya chumba chake, mlango umepigwa lakiri nyekundu, miwani kwenye paji la uso.

"Mama Siku," akaniambia kwa sauti ya chini, Sikudhani akiwa ng'ambo ya barabara anakunywa maji bombani, "sura ya moyo nimeisikia walipokuwa wanaikamilisha. Wanasalimu, wanasalimu, mpaka mwisho wa orodha. Kisha msomaji anasema, 'Moyo ni kiungo. Asanteni kwa kunisikiliza.' Imekwisha."

"Moyo ni kiungo, basi?"

"Basi."

Nikamwomba kanda ya sita. Nilimwomba kama ninavyoomba nikisujudu. Akaniambia zimehesabiwa zote, lakiri ina alama ya Wizara, ikikosekana moja atapelekwa yeye jela. Halafu akaniambia nisilolijua. Alhamisi kulikuwa na uzinduzi, na baada ya kisomeshi kuzinduliwa kanda zote zingechomwa mbele ya mgeni rasmi, maana Mkurugenzi ameona kuwa nchi haiwezi kuwa na vya zamani na vya kisasa kwa pamoja, wananchi watachanganyikiwa.

Sikudhani alikuwa amesharudi, amesimama ameweka kiganja mlangoni. "Babu, ya sita iko rafu gani?"

"Ya tatu, mjukuu wangu. Mkono wa kushoto."

"Kumbe iko hapa karibu," akasema.

Ndipo tukasikia vile viatu. Mkurugenzi Makorongo alimtazama mwanangu toka juu hadi chini, uso ukamchangamka. Alikuwa katika shida kubwa. Uzinduzi ulihitaji msomaji asiyeona wa kubonyeza kitufe, na wale wasomaji wake kumi na wawili walikuwa wamemwona akija wakakimbia. Akaniambia Sikudhani apande jukwaani, abonyeze, asikilize sura moja, alie machozi ya furaha, na kisomeshi kitakuwa chake. Sura atachagua mwenyewe.

"Ya moyo," alisema Sikudhani kabla sijamfinya.

Wakamfanyisha mazoezi Jumatano nzima. Machozi yawe mawili, moja kila jicho, yaanze salamu zikiisha, yasizidi kidevu. Alifanya kila kitu isipokuwa machozi.

"Nitalia nikisikia moyo una vyumba vingapi," alimwambia Mkurugenzi.

"Vyumba vya nini?" akauliza Mkurugenzi.

Jioni ile nilimsuka nywele kwa ajili ya jukwaa. Nyumbani tunaruhusiwa kuzungumza bila salamu, mradi madirisha yamefungwa. Akaniuliza wakichoma kanda, sauti ya Babu Lihinda itakwenda wapi. Nilimwambia atulize kichwa, namkosea mistari. Kisha nikambana kifuani, nikamwekea sikio lake hapa, nikamwambia haya, sikiliza mwenyewe. Akasikiliza sana. "Nasikia mbili mbili, Mama," akasema. "Lakini kwenye mtihani hawataniuliza wa kwako."

Nilikwenda darasani kwangu akili haipo. Mwalimu Fungameza alikuwa anafundisha Uraia, somo la vielelezo: kitu chochote kinachohusika na kesi kinachukuliwa na polisi, na hakiharibiwi, hakiuzwi wala hakiliwi mpaka kesi iishe. Wenzangu wakacheka wote kwa pamoja, kwa sababu ya mbuzi wa Mama Mwazani. Aliibwa, akapatikana, akawekwa kituoni kama kielelezo. Kesi ina miaka sita. Mbuzi amezaa mara nane, na watoto wake nao ni vielelezo, na hakuna askari anayethubutu kuwatazama kwa njaa. Nilicheka na mimi, nikaandika kwenye daftari.

*

Alhamisi uwanja ulijaa. Upande mmoja jukwaa na turubai. Upande wa pili kanda zote, lundo linalonifika kifuani, limemwagiwa mafuta ya taa, na Inspekta Mkanyagio wa polisi amesimama kando na kiberiti. Mzee Lihinda alipewa kiti cha mbele ili ashuhudie maendeleo. Mimi niliruhusiwa kukaa jukwaani kumshika mtoto mkono asianguke.

Saa nne gari la mgeni rasmi likafika, akashuka mtu mwingine.

Tulikuwa tunamsubiri Mheshimiwa Kibanzi, Waziri wa siku zote. Aliyeshuka ni Mheshimiwa Ngalambe. Redio ilikuwa imetangaza saa mbili asubuhi, sisi tukiwa njiani, kwamba Kibanzi amepangiwa kazi nyingine ambayo haijajulikana. Watu wakapiga makofi vilevile. Lakini mimi niliyekuwa karibu nilimwona Mkurugenzi Makorongo akishika nguzo ya turubai.

Kwenye karatasi jina linakatwa kwa kalamu. Kisomeshi hakikatwi kwa kalamu. Mle ndani, katika nafasi ya sitini na moja, baada ya wake wa mabalozi, Mheshimiwa Kibanzi alikuwa bado Waziri. Na kumsalimu aliyetenguliwa mbele ya aliyeteuliwa ni kosa ambalo katika nchi yetu halina faini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi kuulizwa alitozwa nini. Mkurugenzi alijaribu kuruka kipengele cha kubonyeza. Msema chochote, yaani mshereheshaji, akamkumbusha kwamba ratiba imechapwa, na iliyochapwa haibadilishwi bila saini ya Waziri, yaani Kibanzi.

Sikudhani akabonyeza.

Sauti ikatoka kwenye spika nne, nene, imenyooka, haina jogoo. Sote tukasimama, kama sheria inavyotaka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mheshimiwa Mkuu wa Nchi. Mama wa Nchi. Sikudhani alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye kiganja changu, naye hakujua kwamba jina la Kibanzi linakaribia. Alikuwa anahesabu tu zimebaki ngapi afike kwenye moyo. Ishirini. Jasho la Mkurugenzi lilishuka likaingia kwenye kola. Arobaini. Alikohoa kwa nguvu, akapima kama kikohozi kinaweza kufunika jina. Hamsini na tano. Wake wa mabalozi wakaanza kutajwa.

"Na Mheshimiwa Kibanzi," kisomeshi kikasema kwa furaha, "Waziri wetu mpendwa, asiyechoka wala kuchosha."

Mheshimiwa Ngalambe akageuza shingo taratibu, akamwangalia Makorongo, akabaki anamwangalia. Na kwa vile salamu hazikatizwi, alimwangalia kwa majina mia moja hamsini na matatu yaliyobaki, dakika thelathini na tatu, sote tumesimama, mzee mmoja akazimia akiwa wima kwa heshima.

Hatimaye orodha ikaisha.

"Moyo ni kiungo. Asanteni kwa kunisikiliza."

Sikudhani alisubiri. Alisogeza kisomeshi sikioni, akakitikisa. "Mama, mbona kimenyamaza?"

Mkurugenzi alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," akasema, na dakika thelathini na tatu za kufikiri zikamtoka kwa mara moja. Alisema mliyoyasikia si maneno ya kisomeshi. Kisomeshi ni cha kisasa, hakiwezi kukosea. Ni zile kanda. Zimelala ukuta mmoja na studio kwa miezi, nzee, zenye chuki, zikakiambukiza. Ni njama ya kanda dhidi ya Waziri mpya.

"Njama?" akauliza Mheshimiwa Ngalambe. "Siku ya kwanza tu?" Na sauti yake haikukosa fahari kidogo, maana Kibanzi alikaa miaka tisa bila kupangiwa njama hata moja. Akanyanyua mkono. Zichomwe.

Inspekta Mkanyagio akawasha njiti. Upepo ukaizima. Mzee Lihinda alikuwa amevua miwani, ameishika mapajani. Sikudhani alisikia njiti, akasikia harufu ya mafuta, akaelewa, na kidole chake kikaacha kuhesabu kikaning'ang'ania.

Inspekta akawasha ya pili, akaikinga kwa kiganja.

Nilijua sheria. Watu walikuwa zaidi ya kumi. Nilitakiwa nianze na Mheshimiwa Mkuu wa Nchi. Nikamwona jirani yangu na simu yake na ukuta wake, na mdomo wangu ukafunguka bila kunisubiri.

"Msichome," nikasema. "Ni kielelezo."

Uwanja mzima ulinigeukia. Hata hapo nilikuwa bado nimesimama na sijamsalimu mtu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia kwenye sikio la polisi, na neno hilo likiingia kwenye sikio la polisi halitoki. Inspekta Mkanyagio alitazama njiti, akatazama lundo, nadhani akawaona mbuzi. Njiti ikamfika kidoleni, akaiachia chini akaikanyaga.

Baada ya kusalimu kikamilifu, tukiwa bado tumesimama, akamweleza Mheshimiwa kwamba mama huyu hana adabu lakini ana hoja. Kama kuna njama kuna kesi, na kama kuna kesi hivi ni vielelezo, na kielelezo hakichomwi. Vikichomwa hakuna njama. Inabaki kwamba Mheshimiwa alisalimiwa kwa jina la mwenzake, hivi hivi tu.

Mheshimiwa Ngalambe akapima vyote viwili. Akachagua njama.

*

Vielelezo vinatakiwa visikilizwe vyote, mwanzo hadi mwisho, ili ijulikane maambukizi yalianzia wapi, na mbele ya shahidi anayezijua kanda. Mzee Lihinda alikuwa mshtakiwa namba moja, hakuweza kuwa shahidi. Mimi nilikuwa mshtakiwa namba mbili, kwa kosa la kuanza kusema. Inspekta akauliza nani mwingine anazijua, na Sikudhani akanyoosha mkono.

"Tuanze na ipi, binti?"

"Ya sita ya Sayansi, Afande. Ile ndiyo naishuku kuliko zote."

Ijumaa asubuhi tulikuwa kituoni. Askari sita walikaa na madaftari. Hakuna aliyejua kuiendesha redio kaseti, kwa hiyo mshtakiwa namba moja akatolewa kwenye benchi aje aibonyeze. Mkwaruzo, kikohozi, halafu Mzee Lihinda wa miaka ishirini iliyopita akasema, "Wanangu, leo moyo. Kunjeni ngumi, mtaupata ukubwa wake." Askari wote wakakunja ngumi. Moyo wa binadamu una vyumba vinne. Jogoo akawika, na Inspekta akaamuru aandikwe kama mtu asiyefahamika.

Mwanangu alilia pale. Hakuna aliyehesabu, na yalipita kidevu.

Waliisikiliza mara tatu hadi Jumapili, kwa sababu Sikudhani alizidi kuishuku. Jumatatu akafanya mtihani wake kwa nukta nundu. Mwezi uliofuata matokeo yakatoka, na sasa yuko darasa la sita, na mkeka tulionao ni ule ule wa zamani.

Kesi bado inaendelea. Upande wa mashtaka ulihitaji mashahidi zaidi, zikatumwa hati za wito wilaya zote kwa kila asiyeona aliyewahi kuazima kanda, na sasa wanafika kituoni saa mbili kila siku kusikiliza vielelezo kwa amri ya Serikali. Kuna mabenchi na mtungi wa maji. Mzee Lihinda haruhusiwi kuvuka geti, na hilo linaniuma nikimwona jioni anatazama barabara. Lakini alipewa kanda mpya za kurekodia maelezo yake ya mshtakiwa, na maelezo yake yamefikia kitabu cha tatu.

Wiki iliyopita alikuja hakimu mpya, kijana, mwenye haraka. Akatangaza kwamba kesi hii imechukua muda mrefu, angependa kuimaliza siku hiyo hiyo na vielelezo viteketezwe. Akauliza kama kuna yeyote kati yetu mwenye neno.

Tulikuwa thelathini na wawili. Tulinyoosha mikono wote. Akaniruhusu nianze mimi, nikasimama, nikafungua orodha, nikamtambua Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, pole pole, jinsi nilivyojifunza kusoma, bila kuruka jina.